Milioni Moja na Tisa

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
12 Februari 1974

Mdogo wangu Abbasi,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Si wa Angelina, mpangaji mwenzangu anayeniandikia siku zote. Ni wangu mimi dada yako Waridi, na nimeuandika kwa siku nne hapa hapa kwenye meza yangu ya viungo, kwa sababu kila nikifika katikati ya mstari anatokea mtu anataka bizari. Pale palipokatwakatwa ujue ndipo alipokuja mteja.

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie kifua kimepona na mafuta aliyoniletea nimeyamaliza. Hapa unga tunaupangia foleni, na ukiupata ni wa njano. Soko jipya linakaribia kwisha; sisi bado tumetawanywa mitaani na meza zetu. Shemeji yako Uwesu hajambo. Anachomelea vyuma huko mtaa wa Gerezani kama kawaida. Ila tangu arudi kutoka huko kwenu Idi kubwa amekuwa mkimya, anakula anatazama ukuta. Alizungumza nini na Mama? Niambie.

Sasa lililonifanya niandike. Unajua nasoma jioni Mnazi Mmoja, mwaka wa pili huu, darasa la watu wazima. Mwalimu wetu anaitwa Shomari, kijana wa umri wako, anapenda hesabu kama wengine wanavyopenda mpira. Juzi aliandika ubaoni mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, akasema, "Hizi hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Zinaitwa namba tasa."

Mtu akacheka. Wanawake wa mtaani kwangu wakageuka kunitazama. Mwalimu hakuelewa kwa nini wanacheka, maskini. Hajui kuwa nina miaka kumi na moja ya ndoa na sijashika mimba hata moja.

Sikutaka wanione nimeinamisha kichwa, nikauliza, "Mwalimu, kubwa kuliko zote ni ipi?" Akasema haina mwisho, lakini atatupa moja kubwa. Akaandika 1,000,009. "Hii ni tasa."

Nikamwuliza, "Umejuaje?"

"Nimeigawa kwa kila namba mpaka mia moja, haikugawanyika."

"Na baada ya mia?"

Akacheka kidogo. "Dada Waridi, ingekuwa inagawanyika ingekwisha kujulikana."

Abbasi, maneno hayo nimeyasikia miaka kumi na moja, kwa mawifi, kwa majirani, kwa kila mtu. Kuyasikia yakisemwa juu ya namba kumenivuruga kichwa. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Niambie, mtu anajuaje kuwa namba ni tasa? Na nani aliyeipa jina hilo? Lakini usiniambie jibu la hii milioni moja na tisa. Nataka niione mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Waridi


Kilwa Kivinje
9 Machi 1974

Dada yangu mpendwa Waridi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, nikaisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya shule. Nilimsomea Mama yote ila pale darasani walipocheka. Alishika karatasi akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ni Waridi kweli?" Nikamwambia ni wewe. Amefurahi sana. Miguu yake inamsumbua, lakini anatembea mpaka kisimani na kurudi.

Shule yetu imepata wanafunzi wengi mno baada ya watu kuhamishiwa vijiji vipya. Tunafundisha chini ya mkorosho kwa zamu.

Kuhusu swali lako. Jina sikulitunga mimi, na aliyelitunga nadhani hakumfikiria mtu yeyote. Namba inaitwa tasa kwa kuwa haikuzaliwa na namba nyingine mbili zilizozidishwa. Ukifikiri vizuri, jina lenyewe limekaa kinyume, lakini ndilo tulilolikuta.

Ama namna ya kujua, ni hivi. Huna haja ya kujaribu kila namba. Kama mbili imeshindwa, nne nayo imeshindwa, na sita, na nane. Jaribu kwa namba tasa peke yake. Wala huna haja ya kwenda mpaka milioni. Kama namba mbili zikizidishwa zinatoa milioni moja na tisa, basi moja yao lazima isivuke elfu moja. Kwa sababu zote mbili zikivuka, hata elfu moja na moja mara elfu moja na moja, utakuwa umepita. Kwa hiyo ukifika elfu moja na hujapata kitu, hapo, na hapo tu, unaweza kusema ni tasa. Ni namba mia moja sitini na nane za kujaribu. Mwalimu Shomari amejaribu ishirini na tano.

Nakutumia daftari la mistari ya mraba. Shemeji Uwesu nisalimie.

Ni mimi mdogo wako,
Abbasi


Mtaa wa Sikukuu
2 Aprili 1974

Mdogo wangu Abbasi,

Marahaba. Daftari nimelipata na limekwisha jaa nusu. Kina Angelina wote hawajambo humu nyumbani. Mvua imeanza na meza yangu naifunika kwa turubai. Karafuu zimepanda.

Swali langu la Uwesu hukulijibu. Labda halikusomeka, mwandiko wangu nao. Naliuliza tena: alizungumza nini na Mama?

Nimefika mia moja na tatu. Zile za Mwalimu nimezirudia zote, simwamini mtu. Saba inabakisha tatu. Kumi na saba ilinidanganya, ilikwenda vizuri mpaka mwisho ikabakisha moja. Niliigawa mara tatu nikidhani nimekosea. Abbasi, moja tu! Nilikaa nikaitazama ile moja mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Sasa nikwambie jambo, na Mama usimsomee. Kama mtu anaweza kusema "tasa" kwa kujaribu mpaka mia tu, nikajiuliza, na mimi nani alinijaribu? Nilikunywa dawa za miti, nilisomewa, nilifungwa hirizi. Hakuna aliyenipima. Nikamwambia Angelina, ambaye anafanya usafi katika hospitali moja hapa mjini, akanipeleka. Nilikwenda mara tatu. Wamenichukua damu, wamenitazama kila mahali, nimeona haya mpaka basi. Siku ya mwisho daktari akaniambia, "Mama, sioni kasoro kwako. Mumeo amepimwa?"

Kwamba mume naye hupimwa, sikuwahi kulisikia.

Nikamwambia Uwesu wakati wa chakula, taratibu, bila kumlaumu. Akasukuma sahani. "Mimi? Unataka nikavuliwe nguo na kutazamwa kama mbuzi wa mnadani? Mimi mzima." Akatoka. Tangu siku hiyo anazungumza nami kwa maneno ya lazima tu: maji, ufunguo, nauli.

Sielewi, Abbasi. Nilidhani nikipata jibu nitatulia. Nimepata na sijui ni jibu la nini. Amesema mwezi wa sita atakuja tena Kilwa, mama yake anaumwa. Je, ni kweli anaumwa?

Dada yako,
Waridi


Kilwa Kivinje
22 Juni 1974

Dada Waridi,

Shikamoo. Samahani sana kwa kuchelewa. Rufiji ilifurika, barabara ikakatika, na barua yako ya Aprili imenifikia mwisho wa Mei. Halafu palikuwa na mitihani. Mama hajambo. Mazao si mabaya.

Nimefurahi kusikia umefika mia moja na tatu; bila shaka sasa umepita mbali. Ninataka kukueleza jambo zuri kuhusu namba yako. Chukua elfu moja mara elfu moja, ujumlishe tatu mara tatu: unapata milioni moja na tisa. Hilo linaonekana kwa macho. Sasa chukua mia tisa sabini na mbili mara yenyewe, ujumlishe mia mbili thelathini na tano mara yenyewe. Unapata milioni moja na tisa vile vile! Ni nadra kupata namba inayotoka hivyo kwa njia mbili. Mkufunzi wetu chuoni alitufundisha kuwa namba ya namna hiyo inajitoboa siri yenyewe, mtu akajua kama ni tasa au si tasa bila kugawa hata mara moja. Siri hiyo naijua, lakini uliniambia nisikwambie, nami nimeheshimu neno lako.

Sina mengine ya zaidi. Wanafunzi wananisubiri.

Mdogo wako,
Abbasi


Mtaa wa Sikukuu
14 Julai 1974

Abbasi! Mdogo wangu!

Salamu nitakupa baadaye. Nimeipata! Mia mbili tisini na tatu.

Nilikuwa nagawa bila matumaini, nimekwisha jaribu sitini na moja zote zimekataa. Nikaweka mia mbili tisini na tatu. Mara tatu, nikatoa mia nane sabini na tisa. Nikashusha sifuri, mara nne. Nikashusha sifuri, mara moja, ikabaki themanini na saba. Nikashusha tisa, ikawa mia nane sabini na tisa, ile ile niliyoitoa mwanzo! Nikatoa. Haikubaki kitu, Abbasi. Niliogopa kuliko nilivyofurahi. Nikazidisha kurudi nyuma: mia mbili tisini na tatu mara elfu tatu mia nne kumi na tatu. Milioni moja na tisa kamili.

Jioni nikaenda na daftari darasani. Mwalimu Shomari akalichukua daftari, akaanza kugawa ubaoni mgongo wake ukiwa kwetu, na chaki ikamkatika. Alipomaliza hakugeuka upesi. Kisha akasema, "Nilikosea. Niliita tasa kitu ambacho sikukijaribu." Wale wale waliocheka wakapiga makofi. Mmoja alinishika mkono tukatoka naye mpaka barabarani.

Na yale mafumbo yako ya mia tisa sabini na mbili nimeyazidisha, ni kweli yanatoka. Sasa unaweza kunieleza siri yake.

16 Julai

Barua hii sikuwahi kuipeleka posta. Leo asubuhi amepita Mzee Fikirini, yule anayeleta samaki wakavu kutoka Kilwa. Akanipa mikono yote miwili akasema, "Hongera, mama, kwa kupata mwenzio. Harusi ilikuwa nzuri. Na kaka yako ndiye aliyesimama shahidi."

Nikamwuliza, "Harusi ya nani?"

Akauona uso wangu, akaanza kufungua na kufunga kikapu chake.

Tarehe nane Juni. Wewe umeniandikia tarehe ishirini na mbili. Umenijazia ukurasa wa elfu mara elfu na tatu mara tatu, na mikono yako ilikuwa bado inanuka ubani wa harusi ya mume wangu.

Niliyokukataza kuniambia ni ya namba tu, Abbasi.

Waridi


Kilwa Kivinje
1 Agosti 1974

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama hutaki kuniitikia.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Nitakueleza kama ilivyokuwa. Idi kubwa Uwesu alikuja kwa Mama, akalia mbele yake, akasema anataka mtoto na hataki kukuacha. Mama akasema kama ni hivyo aoe, mtoto atakayepatikana utamlea nawe. Wakamtafuta mwanamke aliyekwisha kuzaa, ili pasiwe na shaka. Anaitwa Sitara. Aliachika, ana mtoto mmoja wa kike. Mimi nilikuwapo pale mkekani. Nilinyamaza.

Siku ya ndoa sheikh alisema siku hizi sheria inataka mke mkubwa ajue. Uwesu akatoa barua mfukoni. Ilisema kuwa wewe Waridi binti Awadhi umekubali kwa hiari kwa sababu wewe ni tasa. Chini pana alama ya kidole gumba. Sheikh akanigeukia akaniuliza, "Hiki ni kidole cha dada yako?"

Dada, wakati ananiuliza, barua yako ya Aprili ilikuwa mfukoni mwa kanzu yangu. Mwandiko wako. Nilijua huna haja tena ya kidole. Nilijua daktari alikwambia nini. Nikasema, "Ndiyo, ni chake."

Unaweza kuniuliza kwa nini. Najiuliza mimi pia. Nilikaa kwenu miaka minne nikisoma, nikala kwa Uwesu, nikavaa mashati yake. Mama alikuwa ananitazama. Watu walikuwa wamekwisha kaa, pilau imeiva. Na kuna jingine, ambalo nalichelewesha: mimi nami niliamini. Nilikueleza kwa barua kwamba mtu hawezi kusema tasa kabla ya kufika elfu, na moyoni nilikuwa nimekwisha sema.

Nisamehe.

Abbasi


Kilwa Kivinje
15 Septemba 1974

Dada Waridi,

Shikamoo. Sijapata jibu na sikudai.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa sheikh. Nilimwambia mbele ya watu wawili kwamba kile kidole si chako na kwamba nilisema uongo. Akasema ndoa imekwisha kupita, lakini ile karatasi ni batili, na akaniandikia hivyo kwa mkono wake. Karatasi yake nimeiweka ndani ya bahasha hii. Itumie upendavyo.

Habari zimeenea. Mjomba wake Uwesu amenikataza kupita kwake. Mama hasemi nami. Ananiwekea chakula, anaondoka.

Abbasi


Mtaa wa Sikukuu
3 Desemba 1974

Abbasi,

Marahaba.

Sisi wazima. Mwambie Mama nimempelekea khanga kwa Mzee Fikirini, na kwamba asikunyime maneno kwa ajili yangu. Kama ni kununa ninune mimi. Angelina anakusalimu. Alisema nisikujibu, halafu wiki iliyopita akaniuliza mbona sikujibu.

Karatasi ya sheikh niliipata. Nilikaa nayo mwezi mzima nikiwa sijui nifanye nini. Uwesu alikuwa amekwisha mleta Sitara mjini, amempangia chumba Gerezani karibu na karakana, na alikuwa anakuja kwangu siku moja moja, anakaa kitini kama mgeni. Siku moja nikaiweka karatasi mezani mbele yake. Aliisoma akasema, "Kaka yako amenigeuka." Hilo tu ndilo aliloliona.

Nikadai talaka. Alikataa, kisha akakubali. Tulikwenda kwa sheikh wa hapa mtaani. Akaandika, akaniletea wino niweke kidole. Nikamwambia kwanza naisoma. Uwesu akatazama chini. Niliisoma polepole, kila neno kwa kidole cha shahada. Mstari wa nne umeandikwa, "kwa kuwa mke ni tasa."

Nikasema, "Neno hili lifutwe."

Sheikh akasema, "Mama, si ndiyo sababu?"

"Hakuna aliyelithibitisha. Nimepimwa mimi peke yangu, na daktari hakuona kitu. Yeye hajapimwa. Huwezi kuandika kitu ambacho hakijajaribiwa mpaka mwisho."

Mashahidi wawili tuliokwenda nao walitazamana. Uwesu akasema kwa sauti ndogo, "Lifute." Sheikh akalikata kwa mstari mmoja, na juu yake hakuandika sababu nyingine. Nikaandika jina langu lote, likachukua nafasi ya watu wawili.

Usidhani nilitoka nikiwa na furaha. Nilipofika nyumbani nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nikakaa nikakitazama. Kuna siku namkumbuka mpaka najichukia. Kuna siku nafanya hesabu zangu asubuhi na mchana unafika sijamfikiria. Sijui nipo wapi. Na wewe usiniulize kama nimekusamehe, kwa sababu nikiandika ndiyo naona uongo, nikiandika siyo naona uongo pia. Barua zako nitazijibu. Siku ukija Dar utafikia hapa. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Mwalimu Shomari ameniomba niwafundishe wanawake wapya kugawa, jioni mbili kwa wiki. Nimekubali, ila nimemwambia lile jina sitalitumia. Nitawaambia "namba isiyogawanyika", hata kama ni refu.

Sasa la mwisho, la jana. Nilikuwa napima hiliki, nikamwona mwanamke amesimama ng'ambo ya barabara, amejifunika buibui, hanunui, haondoki. Mwishowe akavuka. Mdogo, Abbasi, mdogo kuliko wewe. Akasema, "Shikamoo, dada. Mimi Sitara."

Nilishindwa kuitikia.

Akasema mama mkwe ameanza kutuma maneno. Huu ni mwezi wa sita tangu aolewe na hakuna dalili ya mimba. Wameanza kumwambia labda yule mtoto wa kwanza alimpata kwa bahati, labda amefungwa kizazi, labda mimi ndiye niliyemfunga. "Nami nimekuja nikuone," akasema, "kwa sababu nimesikia kuna hospitali ulikwenda ukapimwa. Nataka nipimwe. Sijui kusoma, sijui pa kuanzia."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Julai, mengi, makali, nimeyapanga vizuri. Nikayatafuta. Nikaona mikono yake imeshika ukingo wa meza yangu, na hina ya harusi imekwisha kutoka, imebaki kwenye ncha za kucha tu.

Nikamvutia kigoda.

Dada yako,
Waridi binti Awadhi